Kibali Kwanza, Puto Baadaye

Mwaka 2022, katika jimbo la Baja California nchini Meksiko, mfanyabiashara wa Kimarekani Luke Iseman alirusha maputo yaliyobeba gramu chache za salfa dioksidi. Alitaka gesi hiyo ifike juu sana angani na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua, ili joto la dunia lipungue. Maputo hayakuwa na vifaa vya kupimia, hivyo hakuna aliyejua yalifika wapi. Hata hivyo kampuni yake, Make Sunsets, iliwauzia watu huduma ya kupoza dunia kwa dola 10 kwa kila gramu. Januari 2023 serikali ya Meksiko ilitangaza kwamba itapiga marufuku majaribio ya namna hiyo, kwa kuwa yalifanyika bila taarifa wala ridhaa.

Wazo lenyewe si la kubuni. Mlima Pinatubo ulipolipuka Ufilipino mwaka 1991, ulitupa angani tani zipatazo milioni 15 za gesi hiyohiyo, na wastani wa joto duniani ukashuka kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini anga haina mipaka. Utafiti wa wanasayansi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba milipuko mikubwa ya volkano upande wa kaskazini mwa dunia ilitangulia baadhi ya miaka ya ukame mkali zaidi katika ukanda wa Sahel. Jambo linaloweza kugusa mvua ya mkulima wa Mali haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtafiti au pupa ya mwekezaji. Serikali lazima zisimamie utafiti wa kupunguza mwanga wa jua tangu jaribio la kwanza la nje ya maabara, na usimamizi huo utaulinda umma na sayansi yenyewe.

Wapo wanaosema majaribio ya sasa ni madogo mno kuhitaji vibali. Ni kweli ni madogo, lakini udogo haukuyaokoa. Chuo Kikuu cha Harvard kilipanga kurusha puto karibu na Kiruna, Uswidi, mwaka 2021, ili kujaribu mitambo tu bila kumwaga chochote. Baraza la Wasaami, wenyeji wa eneo hilo, lilipinga, likisema kwamba halikushirikishwa. Safari ikafutwa, na mwaka 2024 mradi wote ukafungwa. Mwaka huohuo, huko Alameda, California, watafiti walipuliza ukungu wa maji ya chumvi kutoka kwenye sitaha ya meli ya makumbusho, wakitafuta njia ya kung'arisha mawingu ili yarudishe mwanga wa jua. Wataalamu walioajiriwa na mji hawakuona hatari kubwa kwa afya, lakini madiwani walilikataa jaribio, wakilalamika kwamba mji haukuelezwa mapema. Kilichoyaangusha majaribio hayo ni usiri zaidi ya kemikali.

Wengine wanahofia urasimu utachelewesha utafiti ilhali joto linapanda. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1971 humtaka anayejaribu kubadili hali ya hewa atoe taarifa tu, haimdai kibali. Wepesi huo haukuiokoa Alameda na mzozo. Tena, utaratibu wenyewe si mgeni kwetu: nchini Kenya na Tanzania, mwenye kiwanda hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujenga. Kwa nini anayechezea anga asamehewe?

Hoja nzito zaidi ni ya wanaotaka mlango ufungwe kabisa. Mwaka 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka yawepo makubaliano ya kimataifa ya kutotumia teknolojia hii, na hofu yao ina msingi: nchi zilizochafua anga zisipate kisingizio cha kuendelea. Hata hivyo, kukataa matumizi si kukataa maarifa. Watafiti wa Cape Town wamekwisha kupima kwa kompyuta jinsi kupunguza mwanga wa jua kungeathiri ukame wa mji wao, bila kurusha hata puto moja. Tusipojua, tutasimuliwa na wenye maslahi.

Mapema mwaka 2024, jijini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilishindwa kuafikiana hata juu ya kuunda jopo la wataalamu wa kuichunguza teknolojia hii. Mataifa yasingoje mwafaka huo. Kila serikali iweke sasa masharti manne: kibali kabla ya jaribio, ushauri wa wenyeji, kikomo cha ukubwa, na matokeo kutangazwa hadharani, mazuri na mabaya.