Wadudu na Misitu (3): Nondo Aliyeandikwa Ndani ya Mti

Juma lililopita tuliishia kwenye swali la viwavijeshi: mdudu anayefurika mwaka mmoja na kutoweka mwingine anafuata saa gani? Tupande milima ya Alps, hadi bonde la Engadin nchini Uswisi. Huko huota mlariki, jamaa ya msonobari, ila sindano zake hupukutika kila mwaka kabla ya baridi.

Nondo wa mlariki, Zeiraphera griseana, ni mdogo na wa kijivu. Akitua kwenye gome humwoni. Mwisho wa kiangazi jike hutaga mayai chini ya likeni, zile ndevu zinazoota matawini. Mayai hukaa humo baridi nzima, na huanguliwa machipukizi yanapofunguka. Kiwavi akiwahi mno, hakuna chakula. Akichelewa, jani limeshakomaa.

Mwaka wa mfuriko mlima mzima hugeuka kahawia mwezi Julai, kana kwamba moto umepita. Mti kwa kawaida haufi. Huchipua tena baada ya wiki chache, lakini miaka inayofuata hutoa sindano fupi, ngumu, zenye nitrojeni haba. Kizazi kijacho cha viwavi hudhoofika kwa lishe hiyo, na nyigu vimelea huwamaliza waliosalia. Mti ukipona, nondo huanza kuongezeka upya. Mzunguko huo huchukua miaka 8 au 9.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mti huweka hesabu. Mwaka ulioliwa huacha pete hafifu ndani ya mbao. Mwaka 2007 Jan Esper na wenzake walichapisha usomaji wa pete za milariki hai na boriti za majengo ya kale ya Uswisi, wakakuta mifuriko ikifuatana kwa takriban miaka 1,200.

Kisha, baada ya mwanzo wa miaka ya 1980, kimya. Watafiti wengi walilinyoshea kidole joto: baridi isipokaza, mayai mengi hufa, na yanayosalia huanguliwa kabla ya machipukizi. Naiona hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, mwaka 2017 na 2018 viwavi walifurika tena, na wataalamu wakalazimika kurudi kwenye vipimo vyao. Mimi niliipokea habari hiyo kwa furaha, maana mdudu huyu ni sehemu ya msitu ule kama mlariki wenyewe.

Juma lijalo tutawafuata nyigu vimelea.