Tovuti Nzuri Hujua Kuficha Kasoro

Mwaka 1995 watafiti wa Kijapani Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura waliwaonyesha watu 252 michoro 26 ya skrini ya mashine ya kutolea fedha. Vitufe vilikuwa vilevile, ila mpangilio ulitofautiana. Mchoro uliopendeza macho ndio uliodhaniwa kuwa rahisi kutumia, hata pale ambapo vigezo vya kitaalamu vilisema vingine. Noam Tractinsky alirudia jaribio hilo Israeli akitarajia matokeo hafifu zaidi, lakini uhusiano ule ukajitokeza kwa nguvu kuliko mwanzo.

Kwa hiyo anayemwonyesha mteja ukurasa na kumuuliza "Unauonaje?" anapima sura tu. Urahisi hupimwa kwa kazi. Mpe mtu simu ya bei nafuu, msimamishe juani, mwambie alipe bili, kisha unyamaze umtazame. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo wabunifu wanayapenda mno, yatamkunjisha uso. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na kijivu kingi cha kisasa hakifiki hapo. Kitufe chenye alama tupu bila neno nacho atakipita mara mbili tatu kabla ya kuthubutu kukibonyeza.

Je, basi urembo utupwe? La hasha. Mwaka 2006 Gitte Lindgaard na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba milisekunde 50 zinatosha mtu kuamua kama ukurasa unamvutia, na ukurasa usiovutia huenda usipewe nafasi ya pili. Wengine hudai kwamba kufuata urahisi huzaa kurasa zilizopooza. Lakini tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, isiyo na mbwembwe zozote, ilishinda tuzo ya ubunifu bora ya Design Museum ya London mwaka 2013. Duka la mavazi la mtandaoni la Boo.com, kwa upande wake, liliijaza tovuti yake michoro mizito wakati wateja wengi wakitumia intaneti ya simu ya mezani. Lilifungwa Mei 2000, ingawa ubadhirifu nao ulichangia.

Urembo na urahisi vikigongana, urembo upishe. Ukimwajiri mbunifu, usimlipe awamu ya mwisho kabla watu watano wasioujua mradi hawajaimaliza kazi kwenye simu zao wenyewe, bila kuelekezwa.