Moyo Uliochoka Hautibiwi kwa Kitanda

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, mtu akishaambiwa kwamba moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, jamaa humwongezea tiba ambayo hakuandikiwa na daktari: kitanda. Ng'ombe watakamuliwa na mwingine, maji yatatekwa na watoto, yeye apumzike. Huruma hiyo ilitoka kwa madaktari wenyewe, ambao kwa miongo mingi ya karne iliyopita waliagiza mapumziko marefu kwa kila moyo dhaifu. Shauri hilo limekwisha kupinduliwa na utafiti, ila wagonjwa bado hurudi nyumbani na mfuko wa vidonge bila kuelezwa watembee kiasi gani. Kwa maoni yangu, kutembea kwa kipimo ni sehemu ya matibabu sawa na dawa za kutoa maji, na nchi ya chai ina uwezo wa kuitoa tiba hiyo bila kungoja mashine za bei ghali.

Kitanda hudhuru kupitia misuli. Moyo dhaifu hupeleka damu kidogo miguuni. Mgonjwa akihema huacha kutembea. Msuli usiotumika hunywea na kupoteza uwezo wa kutumia hata ile oksijeni kidogo inayoufikia. Baada ya muda anaishiwa pumzi akivuka boma tu, pengine moyo wenyewe haujazidi kudhoofika. Ndiyo maana wagonjwa wawili ambao mioyo yao husukuma damu kwa nguvu sawa wanaweza kutofautiana sana, mmoja akapanda kilima na mwenzake akashindwa kufika barabarani. Mazoezi huijenga misuli hiyo upya na kuifanya mishipa ya damu itanuke vizuri zaidi. Jaribio kubwa lililoitwa HF-ACTION, lililotangaza matokeo mwaka 2009, lilifuatilia wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa. Hofu kwamba watu wangeanguka na kufa mazoezini haikuthibitika. Faida nayo ilikuwa ya wastani: hatari ya kufa au kulazwa ilipungua kwa asilimia 11, tena baada ya watafiti kusawazisha tofauti za wagonjwa kimahesabu. Majaribio mengi yaliyojumlishwa baadaye yanaonyesha kwamba mazoezi hupunguza kulazwa na kuyafanya maisha kuwa mepesi, ingawa katika mwaka wa kwanza hayabadilishi sana idadi ya vifo. Anayeahidi muujiza anadanganya. Hata hivyo, katika utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Huyo ni mtu mwenye karo ya kulipa na shamba la kulima. Kulazwa mara moja pungufu ni jambo kubwa kwake.

Wapo watakaouliza: mchuma chai anapanda na kushuka miteremko kutwa, anahitaji mazoezi gani tena? Kazi haina kipimo. Anayelipwa kwa kilo hubeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani hata pumzi ikikatika, kwa sababu akisimama hasara ni yake. Zoezi la tiba huanza chini ya uwezo wa mgonjwa, labda dakika kumi mahali tambarare, kwa mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema, kisha huongezwa kidogo kidogo wiki kwa wiki.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba si kila moyo uko tayari. Hospitali ya Tenwek, Bomet, inajulikana kwa upasuaji wa valvu zilizoharibiwa na homa inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ugonjwa unaowapata hata vijana. Mwenye valvu iliyobana sana anahitaji kwanza uamuzi wa daktari wa moyo, na anayehema akiwa amekaa hapaswi kuambiwa atembee. Uchunguzi ni lazima. Lakini baada yake, kipimo cha kutembea kwa dakika sita hakitaki zaidi ya ukumbi, saa na utepe wa kupimia.

Umbali unabaki kuwa kikwazo: nani atalipa nauli mara tatu kwa wiki? Watafiti wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, walichapisha mwaka 2022 jaribio la njia mbili, mazoezi ya hospitalini na ya nyumbani, wagonjwa wa nyumbani wakihesabu hatua kwa kifaa kidogo. Zote mbili zilitekelezeka, japo wagonjwa walikuwa wachache mno kuthibitisha nguvu ya tiba, na kufuata ratiba kuliwashinda wengi. Udhaifu huo unadai mtu wa kufuatilia, nao wahamasishaji wa afya ya jamii tayari hupita boma kwa boma. Mhamasishaji anaweza kuuliza hatua za wiki, kutazama kama miguu imevimba, na kumpima mgonjwa uzito. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, matembezi yasimame na mgonjwa aende zahanati siku hiyo hiyo.