Kazi za Wasioonekana Katika Sinema

Siku moja baada ya Misa kijana mmoja alikuja ofisini kwangu hapa Kanyenye. Akaniamkia, akaketi, akaomba barua ya utambulisho ya parokia. "Naenda Dar es Salaam, mwalimu," akasema. "Nataka kuingia katika sinema."

Nikamwuliza, "Kufanya kazi gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kuonekana," akajibu.

Sikumcheka. Nadhani nasi wazazi na walezi tungejibu vivyo hivyo. Twaona sinema za vita na mzaha, mtu arukaye ukuta huku suruali ikimpasuka, watoto wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Nasi twadhani kazi yote ni ya huyo mwenye suruali. Kumbe nyuma yake wamesimama watu wengi, na bila wao asingeruka wala kupasukiwa na kitu. Basi leo nataka tuwatazame hao.

Msafara wa pembe na msafara wa picha

Sisi wa Tabora jambo hili halitupasi kuwa geni. Babu zetu walikwenda pwani na misafara, kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Mbele alitangulia kirangozi na bendera yake. Alikuwapo mpiga ngoma, walikuwapo askari, wapishi, wapagazi wenye pembe mabegani, na wanawake waliobeba vyungu na chakula. Mmoja akikosekana, safari yaharibika. Lakini vitabu vyasema, "Fulani alisafiri", wakimtaja mwenye mali peke yake. Hata wale walioubeba mwili wa Dakta Livingstone, wakapita hapa kwetu mwaka 1873 na kufika Bagamoyo Februari 1874, wengi wetu twawajua Susi na Chuma tu. Wenzao walibeba mzigo uleule.

Sinema nayo ni msafara. Chukua mfano wa ile iitwayo kwa neno letu wenyewe, "Hatari!", ya wakamataji wa wanyama wa porini. Ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatolewa mwaka 1962. Watu hulitaja jina la John Wayne, aliyeonekana mbele. Lakini mwongozaji alikuwa Howard Hawks. Mwandishi wa maneno alikuwa mwanamke, Leigh Brackett. Mkuu wa wapiga picha alikuwa Russell Harlan, na muziki ulitungwa na Henry Mancini. Waigizaji wenyewe waliingia katika kazi ya kukimbiza na kukamata wanyama, lakini nyuma yao alikuwapo mwindaji Willy de Beer, mjuzi wa kazi hiyo, wa kuwaonyesha njia. Tena Waafrika waonekana humo garini wakishika kamba, kifaru akipambana. Je, ndugu msomaji, wewe wamjua hata mmoja wao kwa jina?

Namna kazi inavyokwenda

Kwanza yuko mtayarishaji, atafutaye fedha na kupanga siku. Yuko mwandishi, kwa maana mzaha mzuri hauokotwi njiani. Yuko mwongozaji, asemaye, "Hapa simama, hapa anguka." Mpiga picha hutazama kwa jicho la kamera, wa taa humpatia mwanga, fundi wa sauti hushika kinasa sauti, akimfukuza jogoo awikaye wakati usiofaa.

Tena yuko mtu mmoja ambaye wengi hawamjui kabisa: mwenye daftari. Sinema haipigwi kwa mfululizo wa hadithi. Mambo yote ya nyumba moja hupigwa pamoja, hata kama moja ni la mwanzo na jingine ni la mwisho. Basi huyu huandika: shati limechanika mkono wa kushoto, jeraha liko juu ya nyusi, kikombe kimejaa nusu. Akisahau, shujaa ataingia mlangoni na shati zima na kutokea upande wa pili na shati bovu, nawe utacheka mahali pasipo mzaha.

Na ule mapigano? Ngumi haigusi shavu. Hupita karibu tu, na kamera huwekwa upande ambao nafasi ile haionekani. Mlio wa "pa!" hutiwa baadaye. Mwalimu wa mapigano amewazoeza siku nyingi, hatua kwa hatua kama wacheza ngoma, maana akikosea mmoja, mwenzake aenda hospitali kweli. Mwisho kabisa mhariri huketi na vipande vyote, akakata na kuunganisha. Kipande cha kuchekesha kikirefushwa kidogo tu, kicheko chafa.

Jirani zetu wa Wakaliga

Utasema, "Hayo ni ya Wazungu wenye fedha." Sivyo. Huko Wakaliga, mtaa wa kimaskini katika mji wa Kampala, yuko Mganda mmoja, Isaac Nabwana, aliyeanzisha kikundi cha sinema mwaka 2005. Mwaka 2010 kikundi hicho kilifanya sinema ya vita na mzaha, "Who Killed Captain Alex?", yaani, nani alimwua Kapteni Alex. Yasemekana gharama yake haikufika dola 200. Kipande chake cha kuitangaza kilipowekwa katika intaneti, kilitazamwa na watu duniani kote.

Nabwana aliandika, akaongoza, akapiga picha na kuunganisha. Lakini hata yeye hakuweza peke yake. Mkewe Harriet hushika usimamizi wa kazi. Dauda Bisaso ni fundi wa vyuma: bunduki za uongo zionekanazo kama za kweli, hata helikopta isiyoruka, ni vyuma chakavu vilivyopitia mikononi mwake. Bruce U hufundisha mapigano, watoto wa mtaa wakiwa wanafunzi wake. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe. Lakini mtu aliugua kwa ajili yake, wakaiacha, wakachukua rangi ya chakula. Waona, msomaji, kumbe hata kuchanganya damu ya uongo ni kazi yenye dhamana juu ya uhai wa mwenzako.

Tena yuko VJ Emmie, ambaye uso wake hauonekani, lakini sauti yake yasikika sinema nzima, akieleza na kutania. Hapa Tanzania jina la Lufufu lilijulikana katika mabanda ya video kwa kazi ya namna hiyo.

Sinema hiyo nusura ipotee. Kompyuta haikuwa na nafasi, hivyo Nabwana aliifuta picha ya asili ili apate kutengeneza nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya Emmie juu yake. Basi asiyeonekana ndiye ambaye kazi yake imebaki pamoja na sinema yenyewe, haitengani nayo.

Mshahara wa mtenda kazi

Liko jambo moja zito. Mwenye kusahauliwa jina, mara nyingi husahauliwa na ujira. Hata wenye majina hawakupona. Mwaka 2018, mchekeshaji wetu mpendwa King Majuto wa Tanga alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba yake zilisikitisha wengi, na Waziri akaunda kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huohuo. Ikiwa aliyejulikana na kila mtoto aweza kupata shida, je, mshika taa?

Kanisa latufundisha kwamba kumnyima mtenda kazi ujira wake ni dhambi imliliayo Mungu. Halikusema "mtenda kazi anayeonekana". Kwa hiyo mtoto wako akiitwa katika kazi hiyo, ulizeni mapema: Nani atamlipa, kiasi gani, lini? Akiumia, nani atamtibu? Yameandikwa wapi? Binti asiende peke yake kwa mtu asiyejulikana amwahidiye kumfanya nyota. Na awaye yote asitie sahihi karatasi asiyoisoma.

Lakini msiwavunje moyo watoto. Huyo kijana wangu, nilimwuliza tena, "Wewe hapa wafanya kazi gani?" Akajibu kwa haya kwamba achomelea vyuma, hutengeneza makarai na madirisha. Nikamweleza habari za Dauda wa Wakaliga. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Ile helikopta, aliichomelea kwa bati au kwa nondo?"

Sikuweza kumjibu. Barua nilimwandikia, ila mahali pa kazi niliandika "fundi wa vyuma", wala hakukataa.

Nanyi, wazazi wapendwa, mkitazama sinema na watoto wenu, msiizime pale mwisho majina yanapopita. Mwambieni mtoto asome matatu au manne kwa sauti. Ni watu, walibeba mzigo.