Chipu Kwanza, Boksi Baadaye: Adapta ya Wi-Fi Kwenye Linux

Adapta ya Wi-Fi huendeshwa na chipu iliyo ndani yake. Jina la boksini halisemi mengi. Adapta mbili za jina moja zinaweza kubeba chipu tofauti, moja ikaitika mara inapochomekwa, nyingine ikakaa kimya.

Chipu hutambuliwa kwa kuandika lsusb kwenye terminali. Mstari wa adapta huonyesha namba mbili: ya kwanza ya mtengenezaji (0bda ni Realtek, 0cf3 ni Atheros), ya pili ya kifaa. 0cf3:9271, yaani Atheros AR9271, ni ya kizamani na haina mbio, lakini kwa anayeanza ndiyo isiyosumbua. Realtek hutaka subira. Chipu yake ya RTL8821CU ilipata draiva ndani ya kerneli (kiini cha Linux) 6.2, Februari 2023. Mfumo wa kabla ya hapo hutaka draiva ya pembeni. Baadhi ya adapta za Realtek hujifanya diski ya programu za Windows, zikaonekana kama 0bda:1a2b. Programu ya usb_modeswitch huzigeuza ziwe adapta.

Pengine draiva ipo, ila faili ya famuwea, ambayo chipu hupakiwa ikiwashwa, haipo. Amri sudo dmesg huitaja kwa jina. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, iliziacha faili za famuwea zisizo huru nje ya diski yake rasmi ya kusakinishia hadi toleo la 12, Juni 2023.

Hapo ndipo wengi hukwama: faili iko kwenye intaneti, na intaneti inaisubiri faili. Simu ya Android humaliza ubishi huo. Ikiungwa kwa waya wa USB na kuwashwa «partage de connexion» (kugawa intaneti) upande wa USB, Linux huiona kama mtandao wa waya, bila kusakinisha chochote. Kwa mtu wa Kamalondo, Lubumbashi, anayenunua mega za simu, ni busara kushusha faili hiyo moja tu na kuzima kwanza masasisho ya mfumo, ambayo humaliza bando kimyakimya.

Adapta ikishaona mitandao lakini nenosiri likakataliwa, kibodi ikaguliwe kabla ya kulaumu draiva. Kongo hutumia sana kibodi ya Kifaransa. Linux ikisakinishwa kwa mpangilio wa Kiingereza, kitufe cha a huandika q. Kuonyesha herufi za nenosiri wakati wa kuliandika hufichua kosa hilo papo hapo.