Dalali wa Mtaji

Dalali wa ng'ombe unamjua. Je, wa mtaji? Huyu humtafutia mwenye biashara changa mtu mwenye pesa. Mwenye pesa hakopeshi, anapewa hisa. Ukimpa robo ya biashara, robo ya faida si yako tena, na hasara mnagawana.

Mjomba wangu hukausha maembe huko Makueni, akataka mashine. Akaja dalali, suti na mkoba, eti mwekezaji yuko Nairobi, ila kwanza shilingi 20,000 za kuandaa faili. Mjomba akatoa. Nusu ilikuwa karo yangu, mama alimkopesha. Loo! Dalali hakushika simu tena, nami nikakaa nyumbani wiki mbili.

Kumbe dalali wa kuaminika hungoja asilimia yake mpaka pesa ziingie, na mapatano huandikwa. Anayefanya kazi ya ushauri wa uwekezaji lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa kwa sheria ya 1989. Tungeuliza huko mapema. Tena akilipwa na pande zote mbili, atamtetea nani?

Mashine ilinunuliwa hatimaye. Mwenye hisa ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, na kila Jumamosi huja kuhesabu magunia.