Miwani ya Mtoto Haisubiri Darasa la Kwanza

Kazi yangu ni kupima macho, na watoto wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wenye jicho fupi, ambao taswira huangukia nyuma ya retina badala ya kukaa juu yake. Karibu kila mtoto huzaliwa na hali hiyo kidogo, diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) +2 hivi, nayo hupungua jicho linavyokua. Anayebaki na +5 au zaidi, kukua peke yake hakumtibu.

Mtoto huyu huwadanganya wengi kwa sababu hukazana. Msuli wa ndani ya jicho hujikaza mpaka aone mbali, hata akafaulu chati ya herufi E shuleni. Kwenye daftari ndipo anaposhindwa: anafikicha macho, anakwepa kusoma, jioni kichwa kinamuuma. Wengine, hasa kati ya miaka 2 na 4, jicho huanza kuvutwa upande wa pua. Kwa hiyo tunamtia matone ya kulegeza msuli, kisha tunapima kwa tochi maalumu. Hahitaji kujua kusoma.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake mwenye makengeza ya namna hiyo aliniambia, "Mwanangu, ukimvisha miwani sasa, macho yatazoea yawe mavivu."

"Bibi," nikamjibu, "uvivu unatokana na kukosa miwani. Ubongo usipoletewa picha safi utotoni, haujifunzi kuona."

Waliporudi baada ya wiki kadhaa za kuvaa miwani, jicho lilikuwa limenyooka. Nilipomvua mtoto miwani niifute, jicho likarudi puani. Nilipomvisha, likanyooka tena. Bibi alishuhudia mwenyewe.

Watoto wanaoanza mapema na kuvaa miwani tangu kuamka hadi kulala, wengi hufikia uoni wa kawaida au unaoukaribia. Haiji kwa siku moja. Huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Jicho moja likiwa limezidi kuwa dhaifu, tunafunika lile zima kwa saa chache kila siku. Baada ya miaka 7 hivi bado nafuu hupatikana, lakini kwa taabu zaidi. Namba ya miwani huenda ikabaki hadi ukubwani, ila ubongo utakuwa umekwishajifunza kuona.

Mzazi, ukiona makengeza, usingoje yapotee yenyewe. Mpeleke mtoto kliniki ya macho, iwe Muhimbili, CCBRT, KCMC au hospitali ya mkoa wako, uombe apimwe kwa matone. Akipewa miwani, aivae kutwa, kila siku.